Hongera, Sanduku ni Zuri

Mzazi wa Marekani akisikia mwanawe atapiga honi ya Kifaransa katika bendi ya shule, hukimbilia mtandaoni na kuagiza ile mpya, isiyo na jina, inayong'aa kuliko zote na kwa bei ya kutupa. Hongera zake, sanduku ni zuri, lina mahameli ndani. Ila honi ya Kifaransa ya noti ya F ni bomba la karibu mita 3.7 lililokunjwakunjwa, na pumzi ya mtoto hupitia vali za kuzunguka. Zikilegea kidogo tu, hewa huvuja na sauti humponyoka. Fundi akiletewa honi kama hiyo, mara nyingi huirudisha: vipuri havipatikani, na lehemu huachia akiigusa.

Wazazi watasema honi ya mtumba, tuseme ya zamani ya kampuni ya Conn au Holton, imebonyea na vanishi imebabuka. Ni kweli, na haina neno. Kibonyeo kidogo kwenye mdomo mpana hakimkatazi mtu kupiga. Vali iliyolika ndiyo humkataza, nayo hupimwa bure: chomoa mrija wake bila kubonyeza kishikizo. Mrija ukitoka na mlio wa “po!”, vali bado inabana hewa. Ukitoka kimya, muage muuzaji kwa adabu. Na mtoto akichoka baada ya mwaka? Hapo ndipo mtumba unaposhinda, maana honi kama Holton H179 iliyotunzwa hupata mnunuzi mwingine. Ile yenye mahameli itamfaa mwenye baa, akiwa na ukuta mtupu.