Teke Linapanda, Nani Alishushe?

Tatizo la video za kujifunzia ngumi na mateke ni kwamba walimu wake wana vifua vizuri mno. Kijana akishakiona kile kifua, miguu haitazami tena, na mchezo wenyewe uko miguuni.

Mpwa wangu anaendesha bodaboda hapa Chimala. Klabu anayoijua iko Mbeya mjini. Nauli ya kila jioni ingemaliza hesabu ya bosi, kwa hiyo mwalimu wake ni bando. Video anazichagua kama sisi tulivyochagua filamu za banda umiza: anayeruka juu zaidi ndiye fundi. Ila sisi tulikuwa na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, ya kutueleza kinachoendelea. Yeye ana Mthai anayeongea Kithai, na wakifika mahali patamu linaingia tangazo la kubeti.

Mthai yule alimfundisha kupiga kwa ugoko. Baadaye akahamia kwa mtu wa karate, ambaye teke la mbele hulipiga kwa nyama ya unyayo, vidole vimekunjwa kuelekea juu. Ni kweli mchezo huu wa ngumi na mateke uliundwa Japani miaka ya 1960 kwa kuchanganya karate na ngumi za Kithai, lakini waliouchanganya hawakufanya hivyo teke likiwa hewani. Mpwa wangu alilianzia Bangkok akalimalizia Tokyo, kidole gumba kikaumia njiani. Abiria wake wakawa wanabebwa na dereva mwenye kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili.

Gunia nalo lina mambo yake. Pumba za mpunga hapa hazina bei, akajaza kiroba, akakitundika kwenye mwembe. Kikawa chepesi, akipiga kinakwenda kusalimia majirani. Akaongeza mchanga wa mtoni. Mchanga ukashuka wote chini na kugandamana, pale pale panapopigwa mateke ya chini. Hakuna video iliyomwambia hilo, maana wenzake huko wananunua gunia dukani.

Ushauri wangu kwake ulikuwa huu: tafuta mwalimu anayekupa mgongo, ili kulia kwake kuwe kulia kwako. Halafu tazama kama anaonyesha mguu unavyorudi chini. Wengi wanakata video teke likiwa juu. Madereva wa malori ya viazi kutoka Matamba wanaijua siri hiyo: kona hamsini na saba za mlima wetu hazitishi wakati wa kupanda.

Tukampata mmoja, mzee mwenye kitambi na upara, yuko kwenye banda la gari. Muda wote anageuza kisigino cha mguu uliosimama, anazungusha nyonga, anarudisha mguu mahali pake. Basi.

“Mjomba, huyu mbona hata hapigi mtu?”

Dada yangu alikuja kudai simu yake, kumbe ndiyo iliyokuwa inachezesha video. Akasimama akatazama. Akafunga kanga vizuri, akageuza kisigino, akalitandika gunia ubavuni hadi mshono ukaachia na pumba zikamwagika. Mguu ukarudi mahali pake.

Kijana akameza mate. “Mama, hebu rudia. Polepole.”