Imekatazwa Wapi?

Kuna aina ya mtu ambaye ukimwambia "hii si haki" hahangaiki kubishana kama ni haki au si haki. Anakuuliza imekatazwa wapi. Hapa Kolwezi, kwenye migodi ya kobalti ya Kongo, tunao wa kutosha kusafirisha nje bila hata kusubiri kota, na mmoja wao ndiye kapita, yaani kiongozi, wa kundi letu la vita.

Vita vyenyewe ni vya kwenye simu, mama watoto asije akasoma hapa akazimia. Mchezo siutaji jina. Wenye kampuni wana mawakili wengi kuliko mega za intaneti zilizomo kwenye simu yangu. Unajenga kijiji, unalea askari, unaingia kundini, na kila baada ya siku chache kundi lenu linapambanishwa na jingine la watu msiowajua. Letu lina wachimbaji, fundi simu, mwalimu wa shule ya msingi, vijana wa pikipiki, na mimi mshauri, cheo kinachonipa haki ya kuarifiwa baada ya mambo kuamuliwa. Kapita ni kijana wa jirani. Mchana anauza mawe ya madini soko la Musompo, usiku anatuongoza, na saa zote ananiita Papa kwa heshima kamili bila kunisikiliza.

Tunapigana umeme ukiwepo. Usipokuwepo tunapigana kwa betri, na hapo uchungu unazidi: kobalti imetoka chini ya miguu yetu, imezunguka China, imerudi ndani ya simu isiyofikisha saa nne usiku.

Sasa sikiliza mayele ya kapita. Mtambo wa mchezo unatafuta mpinzani kwa kupima uzito: unajumlisha nguvu za vijiji vyote vilivyoandikishwa vitani, kisha unatafuta kundi lenye jumla inayokaribiana na yenu. Kapita akagundua kwamba ukijaza vijiji vichanga kwenye mkia wa orodha, jumla inaporomoka, mnapangiwa wanyonge, halafu vigogo wenu walio kichwani mwa orodha wanashuka kufagia. Akaanza kuandikisha. Akamwandikisha dada yake. Akamwandikisha mtoto wa dada yake, ambaye hajaota meno lakini ana ngome na askari wa upinde. Mwishowe akamwandikisha Kambo, nyanya yake wa Luilu, mjane ambaye kazi ya simu kwake ilikuwa kupokea salamu za wajukuu na nyimbo za kwaya.

Ujanja huu hatukuuvumbua sisi, tusijivune bure. Vita vya koo vilipoingia kwenye Clash of Clans mwaka 2014, watu hawakuchelewa kuona kwamba silaha za kujilinda zinaongeza uzito kuliko jeshi la kushambulia. Wakajenga vijiji vya ajabu: jeshi la kutisha, ulinzi wa kuchekesha, ukuta wa kumzuia mbuzi labda. Supercell, wenye mchezo huo kule Helsinki, wakabadilisha hesabu. Watu wakatafuta tundu jingine. Hesabu ikabadilishwa tena. Nadhani hadi leo kuna mhandisi Finland ambaye hali chakula cha mchana kwa sababu ya watu wa namna ya kapita wetu.

Basi siku moja tulipangiwa kundi la Mwanza. Ukitazama majina yao unajua ni wanafunzi: nusu walijipa majina ya wachezaji wa Simba, nusu ya Yanga, sijui wanaelewanaje kundini. Vijiji vyao vilikuwa visafi, vimepangwa kwa upendo, na bustani za maua mbele ya ngome. Tulivimaliza kabla ugali haujaiva. Kigogo wetu wa kwanza, fundi simu, alishambulia kwa mkono mmoja huku mwingine ukibadilisha kioo cha mteja. Vita vilipokwisha, mmoja wa wale watoto akaandika kwenye gumzo la wote: "Shikamooni wakubwa. Mnafanyaje mpaka mnakuwa na nguvu hivyo? Tufundisheni."

Kapita hakuielewa ile salamu, maana huku kwetu haitumiki. Akaniuliza. Nikamwambia ni heshima ya mdogo kwa mkubwa. Akafurahi sana. "Unaona, Papa? Banatuheshimu."

Nikaona nimkalishe kitako nimpe historia. Februari 2010, kundi la Ensidia lilikuwa la kwanza duniani kumwangusha Lich King, adui mkuu, kwenye World of Warcraft kwa kikosi cha watu 25. Mwenzao mmoja alikuwa akirusha mabomu ya saroniti, madini ya kubuni yanayochimbwa humo humo mchezoni (mtu wa Kolwezi migodi haimwachi hata akikimbilia kwenye hadithi za majini). Mabomu hayo, kwa hitilafu ya programu, yalikuwa yakiirudisha sakafu iliyotakiwa kubomoka chini ya miguu yao, na pambano likalainika. Blizzard wakawanyang'anya ushindi na kuwafungia saa 72, ingawa wao walisisitiza kwamba mabomu yale yalikuwa silaha ya kawaida ya mchezaji yule. Mwaka mmoja kabla yake, kwenye EVE Online ya CCP ya Iceland, mkurugenzi mmoja wa muungano wa Band of Brothers aliwageuka wenzake, akahamia kwa mahasimu wao Goonswarm, na kwa kubonyeza tu vile alivyoruhusiwa na cheo chake akauvunja muungano mzima. Himaya iliyokuwa ikitisha wote ikabaki bila hata jina. CCP wakaacha ibaki hivyo.

"Basi mimi ni huyo wa Iceland," kapita akasema.

Hapana. Ningekuwa hakimu, wote hao ningewaachia. Ensidia walimwonea nani? Jini la kompyuta halina mama wa kulilia. Na anayeingia EVE anajua tangu mlangoni kwamba usaliti ni chumvi ya chakula chenyewe. Akigeukwa alie, lakini asiseme hakujua. Watoto wa Mwanza walidhani wamepimwa nasi kwenye mizani nzima. Ndiyo maana waliomba wafundishwe. Waliamini kuna ufundi.

Kapita akanitazama kwa huruma, namna vijana wanavyomtazama mtu anayelipia mkate kwa sarafu. "Papa, lakini imekatazwa wapi?"

Kesho yake jioni alinijia kutoka Musompo akiwa amevimba. Asiyeijua Musompo nimweleze. Unafika na mawe yako, kilo zinapimwa, kisha mtu wa depo anachukua metorex, kifaa chenye umbo la bastola, anakiweka juu ya mawe, namba inatokea. Namba hiyo ndiyo kiasi cha madini kilichomo, na ndiyo bei yako. Kifaa ni cha mnunuzi. Kioo kinamtazama mnunuzi. Wewe unatazama uso wake. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya mwaka 2016 iliandika jambo hilo hilo, kwamba mchimbaji hana namna yake ya kuhakiki uzito wala kiwango. Anakubali, au anabeba mfuko wake anaondoka. Siku hiyo kwenye depo moja, nisiyoitaja, mawe ya shimo lile lile, siku ile ile, yalisoma namba mbili tofauti, na kapita akalipwa kwa ile ndogo.

Alilalamika kwa ufasaha ambao sikujua anao. Kwamba mtu akichezea mizani anakuibia mara mbili, anachukua mali yako halafu anakufanya uamini ilikuwa duni. Kwamba mnyonge hana pa kwenda. Kwamba duniani hakuna haki. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikatikisa kichwa, nikamuuliza mtoto asiye na meno anaendeleaje na ngome yake.

Hakuniona mcheshi.

Nikajaribu mpira, kwa kuwa kapita ni Mazembe hadi kwenye soksi. Mwaka 2011 Mazembe, bingwa mtetezi wa Afrika, ambaye miezi michache nyuma alikuwa Abu Dhabi akicheza fainali ya dunia ya vilabu na Inter Milan, aliitoa Simba ya Dar es Salaam uwanjani bila ubishi. Simba wakafungua vitabu. Wakakuta Mazembe wamemchezesha Janvier Besala Bokungu, na usajili wake ulikuwa na kasoro. CAF ikaitupa Mazembe nje ya mashindano, Simba wakarudishwa kucheza mechi ya kugombea nafasi na Wydad Casablanca, wakafungwa. Kapita alikuwa mtoto wakati huo lakini bado anasimulia kana kwamba yeye ndiye aliyebeba viatu vya Bokungu. Anasema Simba walishinda ofisini. Anasema mpira ni miguu, karatasi ni za makarani. Kumbe yale maandishi anayonidai kila siku ni ya kumlinda yeye tu. Yakimgeukia, yanakuwa ya makarani.

Ila niwe mkweli, hoja moja aliitoa ambayo bado inanikera usiku. Kampuni yenyewe inauza almasi za mchezo kwa dola. Mtoto wa tajiri, popote alipo, analipa, ukuta unaota kwa dakika moja, askari wanakomaa bila kulelewa. Hilo limeruhusiwa, tena linatangazwa kwa fataki na muziki. "Yeye ananunua nguvu, mimi naokota tundu," akasema. "Nani mwizi?" Alikulia Kasulo, ambako mwaka 2014 mtu mmoja alichimba uani kwake akakuta heterojeniti, jiwe lenye kobalti, na baada ya muda mfupi mtaa mzima ulikuwa ukichimba chini ya vitanda. Nyumba ni yako, sheria inasema, lakini kilicho chini ya sakafu ni cha serikali. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na waliokuwamo wakahamishwa. Mtu aliyelelewa hivyo humwambii kirahisi kwamba tundu alilolipata ni baya na ukuta wa mwenye kibali ni mzuri. Nilibaki nikinung'unika kuhusu bei ya mega.

Aliyeimaliza kesi ni Kambo.

Kambo ni wa kizazi kilichoona mwaka 2003, Benki ya Dunia ilipogharimia kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wakatia saini, wengi wakidai mishahara ya miezi mingi. Tangu hapo hapigi alama kwenye karatasi yoyote bila kusomewa. Kwa hiyo mjukuu wake alipomletea simu na neno "nakubali", alisema subiri kwanza. Akamwita mwalimu wa kundi letu, akamwekea chai, akamsomesha masharti yote ya mchezo, jioni mbili mfululizo, kwa Kifaransa, na tafsiri. Naamini ni binadamu pekee aliyewahi kufanya hivyo. Na humo ndani ilikuwamo: akaunti ni ya mwenyewe, haiazimwi, haichezwi na mtu mwingine.

Kapita alipofika kuomba neno la siri, Kambo akamsomea kifungu. Neno la siri akalishika mwenyewe. Na kwa kuwa simu imekaa mkononi, akaanza kucheza. Wiki chache tu, akajenga mzinga. Akajenga wa pili. Uzito wa kundi ukapanda, tukaanza kupangiwa watu wa saizi yetu, na tukaanza kupigwa. Kapita akaenda Luilu kumsihi nyanya yake apunguze maendeleo. Akapewa viazi vitamu na hakupewa jibu.

Halafu Kambo akapitia gumzo la zamani. Utotoni aliishi Kalemie, ufukweni mwa ziwa, salamu za watu wa ng'ambo anazijua. Akaona ile shikamoo ya watoto wa Mwanza, akaona hakuna hata mmoja wetu aliyeitika. Akaandika marahaba, akauliza hali za masomo, wakajibishana siku kadhaa. Jumapili baada ya misa akatoka kwenye kundi letu, akaingia kwao.

Jana mtambo ulitupangia Mwanza tena. Kambo yuko katikati ya orodha yao, ana mizinga minne, na mashambulizi yetu mawili ya kwanza yamefia ukutani kwake. Kapita amekuja mbio kwangu na daftari. Anataka nimwandikie barua kwa kampuni, kwa Kifaransa kilichonyooka, kwamba wapinzani wamechezesha mchezaji asiyestahili, mkazi wa mkoa wetu wa Lualaba, tena ndugu wa damu wa kapita wa upande wa pili. Nimemwambia barua ya namna hiyo haitumwi bila mega. Anitumie kwanza.