Mwongozo wa Kufeli kwa Heshima

Karibu, mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa. Swali la insha yako ya kwanza ni hili: kwa nini Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda Machi 2021? Jibu kwa Kiingereza cha kitaaluma, maneno 1,500, mwisho wa kukusanya ni Ijumaa. Usihofu. Wengi tumepita njia hii, na baadhi yetu tulitokea mlango wa sapu. Fuata hatua hizi.

Kwanza, anzia mbali. Mahindi ni mambo ya juzi. Msomi huanza na Westphalia, 1648. Simulia dola za Ulaya zilivyojipatia mamlaka, kisha pitia Vienna, Versailles na San Francisco, usiruke kituo. Malori yamepanga foleni Namanga, madereva wanachemsha chai ubavuni mwa tela, nawe ungali unazika wafu wa Vita vya Miaka Thelathini. Utakapofika mpakani utakuwa ukurasa wa nne, na umebakiwa na maneno 200.

Pili, pakia. Neno fupi ni la chekechea. Kila sentensi ibebe hegemonia mbili, paradaimu moja, na utandawazi wa kuzibia mwanya. Lori lililojazwa hivyo lingekamatwa kwenye mizani ya kwanza. Insha haina mizani. Ina mhadhiri tu, naye ana nyingine themanini za kusahihisha.

Tatu, ficha mtenda. Andika "it was decided", yaani iliamuliwa, uendelee na safari. Nani aliamua? Wenye adabu hawaulizi. Kauli hii niliitumikia kwa uaminifu mpaka siku insha yangu iliporudi na neno moja la penseli pembeni, mara saba: "Nani?" Jibu nilikuwa nalo. Tarehe 5 Machi, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliwaandikia watu wa forodha barua ya kuzuia mahindi hayo, ikitaja sumukuvu. Habari hiyo niliisoma gazetini, nikaiweka kwenye simu, halafu nikamficha mwenye barua kana kwamba anatafutwa na polisi.

Nne, nyunyiza "the" kama chumvi. Kiswahili hakina kidude hicho, na tumeelewana karne zote hizi. Usisumbuliwe na Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la 22 Novemba 1967. Maandishi yake ya Kiingereza yanataka majeshi ya Israeli yaondoke katika maeneo yaliyotekwa kwenye vita vya mwaka ule, na mbele ya neno "maeneo" hakuna "the". Ya Kifaransa yanasomeka kama maeneo yale, yote. Basi ni yote, au baadhi? Wanasheria na mabalozi wanavutana mpaka leo juu ya herufi tatu ambazo hazipo.

Tano, chukulia kwamba "shall" na "should" ni mapacha. Paris, Desemba 2015, rasimu ya mwisho ya mkataba wa tabianchi ilisema nchi tajiri "shall" ziongoze katika kupunguza hewa chafu. Wamarekani wakashtuka: neno hilo ni wajibu wa kisheria, na wajibu mpya ungewapeleka mbele ya Seneti yao. Ukumbi ukangoja. Hatimaye ikasomwa orodha ya masahihisho madogo ya uandishi, na katikati yake "shall" ikageuka "should", kama vile karani aliteleza kidole. Nyundo ikagongwa. Wewe endelea kuchagua lile linalopendeza sikioni.

Tahadhari moja. Usijaribu kamwe kuanza hivi: "Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya iliandika barua, malori yakasimama." Sentensi hiyo ina tarehe, ina mtenda, ina malori, haina pa kujificha. Msomaji atataka mara moja kujua ya pili: je, ilikuwa sumukuvu kweli, au kulinda soko la wakulima wa nyumbani, au vyote viwili, na ushahidi wako uko wapi? Hapo Westphalia haitakuokoa. Utalazimika kujibu swali.