Robo Saa ya Hewani

Kikokotoo cha mtandaoni hakina haya. Andika Lodwar, kisha Kakuma, miji miwili ya kaskazini mwa Kenya, kinakujibu papo hapo: kilomita mia moja na ushei, robo saa tu kwa ndege. Ndege ipi, bwana? Viwanja vipo, kimoja kila upande. Lakini ndege za Lodwar hutoka Nairobi na kurudi Nairobi, na za Kakuma kwa kawaida hubeba watu wa mashirika ya misaada, si mama mwenye mbuzi wawili. Kwa hiyo anayetaka kuruka hizo kilomita mia, kwanza aruke kama 500 hadi Nairobi, alale huko, kisha atafute kazi shirikani.

Sisi wengine tunapanda Probox, wanane kwenye viti vya watano. Barabara ya A1 siku hizi ina lami, tuseme ukweli, wala si kama zile enzi za kungoja msafara wa polisi. Ila mvua ikinyesha kule milimani mpakani mwa Uganda, laga, yale makorongo makavu yanayokata barabara, hufurika bila kushauriana na kikokotoo. Abiria hushuka, wakaketi ukingoni, na robo saa huanza kuhesabiwa maji yakipungua.