Kiinua Mgongo, Karo na Kikombe cha Pili: Mwongozo wa Mzazi Aliyestaafu Akabaki Peke Yake

Mtumishi wa serikali nchini Kenya hustaafu kwa lazima akifika miaka 60, lakini kuanzia 50 anaweza kuaga mapema. Wewe umeaga. Labda ulikuwa mwalimu Litein, au muuguzi Longisa, au kampuni ya chai huko Kericho ilileta mashine za kuchuma, ikakuambia upokee chako uende. Mwenzako umemzika. Watoto wawili bado wako sekondari. Mvua ya alasiri inapiga mabati kama kawaida yake. Mwongozo huu ni wako. Ufuate hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Chemsha chai, ficha kalamu

Habari za kiinua mgongo hufika kijijini kabla pesa hazijafika benki. Jumatatu atakuja binamu mwenye mradi wa kuku 500. Jumanne atakuja rafiki wa zamani mwenye nusu ya lori, na nusu iliyobaki ni wewe. Jumatano ni zamu ya kijana wa viatu vilivyochongoka, mwenye ploti ya Silibwet ambayo hati yake iko njiani tangu mwaka juzi.

Wapokee wote. Mimina chai ya maziwa, kata mkate, sikiliza mpaka mwisho, kisha useme: "Nimesikia, ndugu yangu. Tuzungumze baada ya miezi sita." Anayekutakia mema atarudi. Aliyefuata pesa atakuwa ameshapata mstaafu mwingine. Moyo ulio msibani haupigi hesabu vizuri, kwa hiyo usitie saini yoyote hadi uweze kulala usiku mzima.

Hatua ya 2: Tafuta karatasi mapema

Shamba la marehemu huota wenyewe wapya kila wiki. Dawa yao ni faili: cheti cha kifo, barua ya chifu, kisha ombi mahakamani upewe usimamizi wa mirathi. Kama marehemu hakuacha wosia, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inampa mjane au mgane mwenye watoto vyombo vyote vya nyumbani viwe vyake kabisa, na haki ya kuitumia mali iliyobaki maishani mwake. Kifungu cha 45 kinasema kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa. Shemeji akija kupima mipaka kwa macho, mkaribishe chai, umsomee kifungu hicho pole pole. Nawe pia kikuhusu: usiuze hata ng'ombe mmoja wa marehemu kabla mahakama haijakuruhusu.

Majani chai yakiwa yanapelekwa kwa namba ya mkulima yenye jina la marehemu, nenda kiwandani kwenu, iwe Momul, Kapkatet, Mogogosiek au Kapkoros, uulize wanataka karatasi gani ili ibadilishwe. Nenda mwenyewe. Usimtume mtu.

Hatua ya 3: Usile bonasi ikiwa bado kijani

Mkulima anayeuza majani chai kupitia shirika la KTDA hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha bonasi huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Oktoba. Wapo wanaoila bonasi ya Oktoba mwezi Machi, kwa mkopo, majani yenyewe yakiwa bado mtini. Wakulima wa Kericho na Bomet wanalalamika mwaka baada ya mwaka kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Basi panga maisha kwa malipo ya mwezi, na bonasi ikija ikukute umeshiba.

Kiinua mgongo kikiingia, tenga kwanza karo ya kitinda mimba mpaka amalize shule, kwenye akaunti ambayo simu yako haiifikii. Kisha lipia bima ya afya ya SHA. Makato ya mshahara yamekoma, kwa hiyo mchango sasa ni juu yako, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kitanda kimoja cha hospitali kinaweza kumeza ekari nzima.

Hatua ya 4: Jifunze kazi ya marehemu

Kila nyumba ina kazi moja ambayo marehemu hakumfundisha mtu. Kama alikuwa mke, huenda ni mursik, yale maziwa yanayogandishwa kibuyuni. Sasa, mzee, shika sotet, kibuyu chenyewe, kwa mkono wako. Ioshe, uisugue ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, utie maziwa, usubiri. Mara ya kwanza yataharibika. Mara ya pili wanao watakunywa kimya. Mara ya tatu wataomba kikombe cha pili, na siku hiyo nyumba itaanza tena kuwa nyumba. Kama alikuwa mume, na kazi yake ilikuwa kubishana na karani wa mizani kuhusu kilo, basi, mama, nenda ukabishane.

Hatua ya 5: Mtoto abaki mtoto

Matangani wazee watamshika kifungua mimba bega wamwambie, "Sasa wewe ndiye baba." Wakiondoka, mwite umwambie ukweli: yeye ana miaka 16, na kazi yake ni masomo. Mweleze pesa zilizopo na mipango iliyopo, maana mtoto aliyefichwa hesabu hulala na hofu. Lakini mzigo ubebe wewe.

Hatua ya 6: Pogoa, kisha ngoja

Mgane huletewa wachumba kabla nyasi hazijaota kaburini. Mjane huambiwa atulie kwa wakwe. Wote wawili wananyimwa kitu kile kile, nacho ni muda. Ujilinde kama unavyoulinda mchai. Kila baada ya miaka michache huwa unaupogoa, unabaki vijiti vitupu, na kwa miezi kama 3 haukupi kitu. Huung'oi wala huutukani. Unapalilia, unatia mbolea, unangoja uchipue.

Nawe chipua kwa saa zako. Ila usijifungie. Hata kama una mchumaji, beba kikapu mwenyewe mara moja kwa wiki hadi kituo cha majani chai, upange foleni, usalimiane na watu. Huzuni hupungua uzito ikipimwa mbele ya wengine.

Na wewe msomaji ambaye hayajakufika, jirani yako aliyestaafu akabaki peke yake unamjua. Mtembelee wiki hii. Chukua maziwa au sukari, na mradi uache nyumbani.