Umenoa?

Kijana mmoja wa Bweremana alianza kukereza miti kwa hasira ya bei. Alikuwa Goma, sebuleni kwa baba yake mdogo, akaona kiti chenye miguu minne ya mviringo, kila mguu na mapete yake na kiuno chake, na yote minne inalingana. Akauliza kilinunuliwa kiasi gani. Alipojibiwa akacheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. Kabla boti haijamrudisha nyumbani alikuwa ameshaamua kwamba mtu mwenye mti, patasi na mikono miwili hana sababu ya kutoa fedha kama zile. Wengi huingia katika ufundi huu kwa mlango huohuo, na pengine ni heri wasiambiwe mapema kilichopo ndani.

Mbao hazikuwa tatizo. Bweremana iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Minova, na ukiinua macho utaona mikaratusi mlimani, migrevilea mipakani mwa mashamba na miparachichi nyuma ya nyumba. Mbao ngumu zaidi zinatoka kwenye misitu ya Walikale. Wala ufundi haukuwa mgeni. Hii ni nchi ya chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na pedali ambalo Goma ililijengea sanamu ya rangi ya dhahabu mwaka 2009. Fundi wa chukudu huchonga gurudumu kwa panga na tezo, akilipima kwa jicho, kisha hulivisha mpira wa tairi kuukuu. Mwendeshaji hupiga goti juu ya kipande cha ndala, akabeba magunia ya makaa au viazi ambayo pikipiki ingeyafikiria mara mbili. Katika mji ambao watu wanatoa duara kwa panga, kijana aliyetaka mashine ya kumtengenezea duara alionekana mvivu. Shangazi yake alimwambia hivyo waziwazi.

Mashine yenyewe ilikuwa ya miguu, kwa kuwa umeme wa kutegemewa hakuwa nao. Alisimika nguzo mbili, akatia ncha ya chuma kila upande, kipande cha mti kikashikwa katikati. Juu akafunga ufito wa mkaratusi unaopindika, chini akaweka ubao wa kukanyagia, na kati ya ufito na ubao ikapita kamba iliyozungushwa kwenye mti. Ukikanyaga, mti unazunguka kuja kwako. Ukiachia, ufito unavuta kamba na mti unarudi kinyume. Ni ufundi wa kale. Katika kaburi la Petosiris, nchini Misri, lililojengwa miaka 300 hivi kabla ya Kristo, wamechorwa watu wawili wakikereza, mmoja akivuta kamba huku na huku na mwenzake akishika chombo cha kukatia.

Tazama busara ya Wamisri: walikuwa wawili. Kijana wetu alikuwa mmoja, na mguu wake wa kulia ulikuwa na maoni tofauti na mikono yake. Katika mashine ya namna hii patasi hukata mti unapokuja tu. Mti unaporudi, mkerezaji huiondoa kidogo. Yeye hakuiondoa. Patasi ikanasa, ikaruka juu ya bega lake na kuangukia kwenye beseni la kasava lililoanikwa juani. Ya pili ikafanya hivyohivyo, ila hii ilikwenda mbali kidogo, hadi kwa jirani, na jirani akairudisha kwa mkono mmoja huku mtoto wake amemshika kwa mkono mwingine, bila salamu.

Ndipo akaitwa mzee. Ujanani mzee huyu alikereza miguu ya vitanda katika karakana moja ya misheni, na tangu hapo alikuwa akijipatia riziki kwa kuchonga vinu na michi. Alikuja, akavuta kigoda, akatazama kijana akikanyaga kwa muda mrefu pasipo kusema neno. Kisha akauliza:

“Umenoa?”

“Ndiyo, Papa. Jumatatu.”

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mzee akaichukua patasi, akaigusisha makali kwenye ukucha wa kidole gumba, ikateleza. Akaomba jiwe la kunolea na maji, na asubuhi yote iliyobaki ikaishia hapo. Kijana alikuwa ameandaa orodha ya maswali: kwa nini mti unatetemeka, kwa nini unachanika nyuzi, kwa nini kiuno kinatoka na makovu. Kila swali lilijibiwa kwa swali lilelile moja. Mtu angedhani mzee hajui jambo jingine, lakini patasi iliponolewa sawasawa, nusu ya orodha ilijifuta yenyewe.

Nusu ya pili ilihitaji mkono. Mzee alimshika kijana viwiko kwa nyuma, kama anayemfundisha mtoto kuendesha baiskeli, akamwonyesha kwamba patasi haiendi kwenye mti kwa makali. Kwanza inalazwa juu ya egemeo lililo mbele ya mti. Kisha mgongo wake unagusa mti unaozunguka, unasugua tu bila kukata. Ndipo mpini unainuliwa polepole mpaka makali yanafika, na maranda yanaanza kutoka marefu, laini, yakijikunja. Anayeanza hufanya kinyume: huchokoza mti kwa ncha, na mti hujibu. Mzee akaongeza mengine mawili bila maelezo, kwamba egemeo liwe karibu na mti kiasi kwamba kidole hakipiti, na kwamba mti uzungushwe kwanza kwa mkono, mzunguko mmoja mzima, kabla ya kukanyaga. La pili hili kijana aliliona la kitoto hadi siku kifundo cha mkaratusi kilipopiga egemeo na kulipeleka kwenye jiko la mama yake.

Halafu ikaja elimu ya miti. Mparachichi ni mlaini, unakatika kwa utii, na kijana akafurahi akakereza bakuli kutoka gogo lililokatwa juzi. Likatoka duara kamili. Lilipokauka likawa na umbo la yai, na mchuzi ukawa unamwagikia upande mmoja. Sababu yake inajulikana: mti mbichi unapokauka husinyaa kufuata pete zake karibu mara mbili zaidi kuliko unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome, kwa hiyo duara haliwezi kubaki duara. Mafundi wa bakuli hulikereza kwanza likiwa nene, ukuta wa sentimita 2 hivi kwa bakuli la upana wa sentimita 20, wanaliacha likauke kwa miezi, kisha wanalirudisha mashinani kulimalizia.

Mkaratusi haukumsubiri hata hiyo miezi. Ulipasuka usiku, kwa sauti, nyumba nzima ikaamka.

Mvule ulimfanyia hila nyingine. Ndani ya mbao zake huwa kuna madini ya chokaa yaliyoganda, magumu, yasiyoonekana kwa nje. Patasi aliyotumia asubuhi nzima kuinoa ilikutana na kijiwe hicho na kurudi na pengo. Kwa mara ya kwanza alipoulizwa kama amenoa, alikuwa na jibu zuri, na mzee akacheka mpaka akafuta machozi. Mgrevilea, wenye madoa mazuri kuliko yote, ulimpa vipele mikononi, kwa kuwa vumbi lake huwasha ngozi za baadhi ya watu. Mama yake alitoa magodoro yote nje na kuyamwagia maji ya moto, akiwatafuta kunguni.

Washauri nao waliongezeka. Kuhusu mti unaopasuka, mmoja alisema uzikwe kwenye maranda yake wenyewe ndani ya gunia ukauke taratibu. Mwingine akasema uchemshwe. Wa tatu akasema upakwe nta kwenye vichwa. Njia zote tatu hutumika, na zote hufaa mahali pake, lakini kijana alizifanya zote kwa gogo moja kwa mpangilio usiofaa, na nta ikaishia kwenye sufuria ya familia.

Wenzake wa mbali wana mipango rasmi kidogo. London ina chama cha wakerezaji chenye hati ya mfalme ya mwaka 1604. Marekani ina chama kilichoanzishwa mwaka 1986, chenye matawi ambamo wanaoanza hukaa na wazoefu. Afrika Mashariki tumezoea njia fupi zaidi. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, aliona Wazaramo wakichonga alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi kwao na kuanza kazi hiyo, na uchongaji wa Wakamba wa leo unaanzia kwake. Hiyo ni karo ya bei nafuu: kukaa karibu na mtu anayejua na kufumba mdomo.

Kijana alijaribu pia mashine ya umeme, kwenye karakana moja ya Goma. Huko kosa la mguu halipo, lakini mwendo upo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kipande kinapokuwa kipana, mzunguko upungue. Bakuli la sentimita 25 halifai kuzidi mizunguko 900 kwa dakika. Yeye alifunga gogo lisilolingana pande zote na kuwasha kwa mwendo uleule wa mtu aliyemtangulia, ambaye alikuwa akikereza mipini ya majembe. Mashine ikaanza kutembea kuelekea mlangoni. Mafundi walitoka nje kwa utaratibu mzuri sana, na aliyebaki akachomoa waya.

Bidhaa ya kwanza aliyoiuza ilikuwa mchi. Aliupamba kwa pete tatu karibu na ncha ya kutwangia sombe, yaani majani ya kasava, na kuung’arisha kwa msasa na mafuta, akaupeleka sokoni. Mama mmoja aliushika, akaupima uzito, akaugeuza.

“Mwanangu, sombe itakayojaa kwenye hizi pete ataitoa nani?”

Akarudi nao, akazikereza pete zote zikaisha, akaupeleka tena. Mama akaushika, akaupima, akasema sasa umekuwa mwembamba, apunguziwe bei.