Jicho la Kilosa na Jicho la Mikumi

Mtu akishapita miaka 40, lenzi ya asili iliyomo ndani ya jicho lake, ambayo tangu utotoni ilikuwa ikijinyoosha na kujivimbisha kwa utii, huanza kukakamaa, akawa analisogeza gazeti mbali na uso kidogo kidogo, mpaka mkono unakwisha ilhali herufi hazijasomeka. Watafiti waliowapima watu wazima wa Kongwa, jirani zetu, walitangaza mwaka 2006 kwamba watu wapatao 6 katika kila 10 waliopindukia umri huo walikuwa na udhia huu.

Miwani niliikataa kwa kuwa ilinifananisha na marehemu babu, tena katika picha aliyopigwa akiwa mgonjwa. Mtaalamu wa macho akanieleza kwamba zipo lenzi laini za kupachikwa juu ya mboni. Nyingine zina duara ndani ya duara, za karibu na za baidi, ubongo ukaachiwa kuchagua. Nikazikataa, maana ubongo wangu haujapata kukata shauri bila baraza, na fauka ya hayo taa za usiku huweza kuonekana zimezungukwa na ukungu wa nuru. Waweza pia kuvaa lenzi za mbali, kisha miwani ya kusomea juu yake, nami sikuona maana ya kuununulia mwavuli mwavuli wake.

Nililoliridhia ni lile la kuyagawia macho kazi. Jicho la kulia, ambalo ndilo linalotawala, likapewa mbali. La kushoto karibu. Hili nikaliita jicho la Kilosa, niandikako stakabadhi dukani. Lile jicho la Mikumi, ambako barabara kuu iendayo Zambia hukata hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa kilomita zipatazo 50, na abiria asiyeona mbali hupitwa na tembo bure. Kilichopungua ni kipimo cha kina, kwa kuwa macho yasiyoafikiana hayapimi vema: chai niliimimina kando ya kikombe kwa yakini kamili.

Basi siku moja, tukitoka Mikumi kwenda Morogoro, nilikuwa nikifumba jicho la Kilosa nimtazame twiga, kisha nikifumba la Mikumi nisome saa, almuradi nikijaribu mali yangu, nisitambue kwamba kiti kilichonielekea kakalia mama mkwe.

"Baba," akasema, basi zima likasikia, "mimi ndiye mama wa mkeo."

Kwa fadhaa nikapikicha jicho, lenzi ikadondoka. Kijana mmoja akanipa maji niioshee nitakapoipata. Nikamkatalia kwa taadhima, maana maji, hata ya bomba, yaweza kuwa na amiba wanaolishambulia jicho, naye akaniona mwenye majivuno. Mama mkwe akafungua kibindo, akatoa miwani ya kusomea aliyoinunua mnadani, akaivaa, na mara akaiona lenzi juu ya kanga yake. Akauliza bei. Nilipomtajia, alinikumbusha, kwa upole uliozidi kawaida, kwamba sehemu ya pili ya mahari bado hajaiona.